Vidole Vinne vya Akiba

Hebu niambie, mwenzangu, mtoto wako ana kiuno cha inchi ngapi? Usicheke. Mimi ni fundi cherehani, mwaka wa arobaini huu, na viuno vya wateja wangu nakutajia nimefumba macho. Mke wa mwenye bucha, thelathini na nane. Mwalimu mkuu, ishirini na tisa, ila akibana pumzi. Cha binti yangu wa pekee sikukijua.

Yeye nilimkatia kwa kulaza gauni lake la mwaka jana juu ya kitambaa, nazungusha chaki, naongeza vidole vinne kila upande. Akiba hiyo. Mtoto anakua, kitambaa hakikui. Nilijiona mama mwenye akili. Pindo la sketi zake nililikunja mara tatu, zito mpaka likawa linamgonga miguuni akitembea.

"Mama, humu tunaingia wawili," aliniambia alipofika miaka kumi na minne.

"Utakua tu, mwanangu."

"Shuleni wananiita Hema."

Nilikuwa nimebana pini mdomoni, nikachekea puani.

Baada ya hapo akaanza kubadilika. Leo kavaa shati la baba yake, kalifunga mkanda. Kesho kakata mikono ya blauzi niliyomshonea mwezi uleule. Siku moja nafua, nakuta sketi yake ya bluu imebanwa ubavuni kwa mkono, uzi mweusi, mishono mirefu kama ya gunia. Nikasema moyoni, haya, hapa kuna kijana. Sikumwuliza. Nilichukua wembe nikafumua uzi wote, nikapiga pasi mpaka matundu ya sindano yakapotea, nikaikunja vizuri nikaiweka kitandani kwake.

Asubuhi aliitazama. Akaivaa, akaikusanya kiunoni kwa ngumi, akaenda shule hivyo hivyo, mkono mmoja madaftari, mkono mmoja sketi. Ile ngumi naiona mpaka leo.

Toka siku ile hakuvaa tena nguo ya mkono wangu. Alichagua mitumba, akaibana mwenyewe, na kusema kweli akawa anapendeza. Mimi nikawa mtu wa kununa. Wateja wakiuliza, "Fundi, binti yako anashonewa na nani?" nakanyaga cherehani kwa nguvu, kana kwamba sikusikia. Aliolewa amevaa gauni la dukani. Nilikaa mbele nikitafuta kasoro kwenye mishono, nikaipata moja, begani, na wala haikunifurahisha.

Jumamosi iliyopita alikuja na binti yake. Mjukuu wangu naye sasa ana miaka kumi na minne, miguu mirefu, kitambaa cha kijani kwapani.

"Bibi, nataka gauni. Linishike hapa, lipwaye hapa."

"Lete gauni lako la zamani nilaze juu yake," nikasema. Mkono umeshazoea.

Ndipo nikamwona mama yake. Amesimama mlangoni, sketi yake inamkaa sawasawa, na bado mkono wake umekunja ngumi pale pale kiunoni. Nadhani hata yeye hajijui.

Nikaacha chaki. Nikauvua utepe wa kupimia shingoni, nikamwambia mjukuu asimame wima. Nikampima mabega, kifua, kiuno, nyonga, polepole, kila inchi naitaja kwa sauti. Mtoto akawa anacheka, utepe unamtekenya.

"Kumbe unajua kupima," binti yangu akasema.

"Nimepima watu maisha yangu yote."

"Mimi hukunipima."

"Ulikuwa unakua, mama." Nikaukunja utepe, nikaukunjua tena. "Ile sketi ya bluu. Nilidhani kuna kijana."

"Kijana gani?" Akaingia, akakaa kwenye benchi la wateja, alipokuwa akifanyia kazi zake za shule zamani. "Nilikuwa nakaa hapa nakuangalia na wake za watu. Unawaambia simama wima, shusha pumzi. Unawashika mabega. Unawauliza, hapa unataka likae vipi? Mimi nilitaka unipime, mama. Unipime tu na mimi."