Kamati ya Kumsahihisha Mwalimu Romani

Avelina aliandika wasifu wa baba yake huku akilia, akauchapisha steshenari moja karibu na stendi ya Makambako, na gari lililobeba mwili lilipofika nyumbani Mjimwema, alidhani kazi yake imekwisha. Kumbe wapi! Ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Msiba wa siku hizi una kamati ya kila kitu: ya chakula, ya usafiri, ya kaburi, na marehemu akiwa mtu wa kuheshimika kidogo, wanazuka na watu wa kupitia wasifu.

Eti kupitia. Mwalimu Romani, aliyesahihisha watu maisha yake yote, mtu aliyekuwa akiletewa kadi ya harusi anairudisha kwa wenyewe imechorwa wino mwekundu, leo kalala ndani ya jeneza pale sebuleni, na nyuma ya nyumba wamekaa watu kwenye viti vya plastiki wanamsahihisha yeye.

Mwenyekiti alikuwa baba mdogo Lenard, mdogo wake marehemu, ambaye ukimwondolea koti lake la sufi na cheo cha uenyekiti hakibaki kitu. Kulikuwa na katekista Timoth, aliyetumwa na parokia kuhakikisha ibada haipitilizi muda. Kulikuwa na Tarsis, kaka yake Avelina, na huyu ndiye aliyekuwa na kalamu. Ukungu wa Julai ulikuwa haujaondoka, kila mtu kajikunyata, na Avelina alikuwa amevaa sweta mbili na bado anatetemeka.

"Kamwene, mwanangu," baba mdogo alianza kwa salamu ya Kibena, kwa ile sauti ya upole ambayo watu huitumia wanapotaka kukunyang'anya kitu. "Umeandika vizuri sana. Unajua Kiswahili, mwalimu mwenyewe. Ila hapa kwenye aya ya nne."

"Kuna nini aya ya nne, baba mdogo?"

Akampa Tarsis ishara, na Tarsis akaisoma: "Mwaka 1976 Mwalimu Romani alitunga kitabu kiitwacho *Masika Bila Paa*, kinachosimulia kijiji kilichohamishwa kabla nyumba mpya hazijaezekwa. Kitabu kilichapwa kwenye mtambo wa misheni na kikasomwa shuleni kwa muda mfupi. Baadaye kiliondolewa, nakala zikakusanywa, na yeye akahamishiwa Ludewa, kando ya ziwa, alikokaa miaka mitano."

"Ndiyo," Avelina akasema. "Uongo uko wapi?"

"Hakuna aliyesema uongo," alisema katekista. "Tunaangalia muda tu."

Muda! Aya yenyewe ukiisoma taratibu na kukohoa katikati haimalizi dakika moja. Kwaya ilikuwa imepangiwa nyimbo sita na hakuna aliyeizungumzia.

Hapa lazima mjue kwa nini Avelina aliing'ang'ania aya ile. Yeye mwenyewe hajawahi kukiona kitabu hicho. Kilikwisha kabla hajazaliwa. Alikitafuta kwenye stoo za shule, kwa masista, kwa walimu wastaafu, hadi kwa wauza vitabu chakavu. Hakupata hata jalada. Baba yake alipoulizwa alijibu neno moja tu: "Kiliisha." Ni mwaka huu, alipohamia kwake Makambako akiwa mgonjwa, ndipo alipomwambia jina la kitabu, kilihusu nini na jinsi kilivyochukuliwa, usiku mmoja wakati dawa zimemlegeza ulimi. Kwa hiyo Avelina alijua vizuri sana kwamba kama kitabu hakitatajwa leo, mbele ya watu, na baba akiwa bado juu ya ardhi, basi hakitatajwa tena, na mwisho wa siku itakuwa kana kwamba hakikuandikwa kabisa.

"Ngoja nikuulize, dada," Tarsis akasema, kalamu mkononi. "Kiliondolewa na nani?"

"Wakubwa."

"Wakubwa gani? Kuna barua?"

"Hakukuwa na barua, Tarsis. Lilikuja gari, vitabu vikapakiwa, basi. Unafikiri wangemwachia risiti?"

"Basi huwezi kusema kiliondolewa. Huna ushahidi."

"Haya, sawa. Futa kuondolewa. Tuseme tu alikitunga, tuishie hapo."

"Tukisema alikitunga watu watauliza kiko wapi."

Avelina akacheka, kicheko kibaya, kisicho na furaha hata chembe. Jamani, ungejibu nini? Ukisema kimepigwa marufuku, lete barua. Ukisema hakikupigwa, basi kiko wapi. Waliokichukua walikuwa wajanja kuliko shetani, maana miaka hamsini baadaye kazi yao inafanywa bure na watoto wa mwenye kitabu.

Na tusidanganyane, Tarsis hakuwa anamlinda baba. Alikuwa ametia nia ya udiwani. Kura za maoni zilikuwa karibu, na siku hiyo wangekuja wazito kadhaa wa wilaya kutoa rambirambi. Alikuwa ameshawapangia viti vyenye vitambaa.

"Dada, nielewe," alisema, akishusha sauti. "Watu wanakuja kumzika mwalimu. Unataka wakae pale waanze kutazamana? Watasema familia hii ina kinyongo na serikali tangu enzi zile."

"Wewe ni kinyongo gani unacho? Wewe huna hata kumbukumbu!"

"Punguzeni sauti, kuna wageni," alisema baba mdogo. "Tufanye hivi. Tusiseme kitabu. Tuseme 'aliandika maandishi mbalimbali'."

"Maandishi mbalimbali ni nini, baba mdogo? Hata mimi naandika maandishi mbalimbali. Naandika ripoti za wanafunzi."

"Basi 'alipenda sana kusoma na kuandika'," katekista akasaidia.

"Hapo tena kuandika kutazua maswali," Tarsis akasema, akakata. "'Alipenda sana kusoma'."

"Kusoma nini sasa?" baba mdogo akauliza. Mungu wangu, alikuwa anauliza kwa dhati kabisa! "Afadhali 'alipenda elimu'. Inakamilika."

Na ikakamilika. Mtu alikesha na koroboi mwaka mzima, akiandika kwa mkono juu ya watu walionyeshewa na mvua, watoto wao mgongoni, akaadhibiwa, akanyamaza miaka yote. Kamati imemtafuna kidogo kidogo mpaka amebaki mtu aliyependa elimu. Nani hapendi elimu?

Tarsis aliendelea kushuka na kalamu. Ilibidi aikate na Ludewa, maana mtu akisikia mwalimu kijana mwenye sifa amepelekwa ghafla ziwani, lazima ataulizia kosa lake. Baba mdogo akakubali. Kisha wakanong'onezana kitu kuhusu mstari wa watoto, Tarsis akakata neno moja, akaandika jingine juu yake. Avelina aliwaona, lakini hakuwasikiliza. Alikuwa bado anapigana na "alipenda elimu", hasira imemziba masikio.

"Namwuliza mama," alisema, akainuka.

"Kamwulize," Tarsis akajibu haraka mno, na Avelina angetakiwa kushtuka pale pale.

Mama yao, Dafroza, alikuwa chumbani amekaa kwenye godoro lililowekwa chini, shuka la kijivu mabegani, wanawake wa jumuiya wamemzunguka. Avelina akapiga magoti, akamsogelea sikioni. Alimweleza yote: kitabu, kalamu ya Tarsis, maandishi mbalimbali. Alieleza kama mtoto anayeshtaki, na moyoni alikuwa ameshashinda. Nani angemtetea mzee kuliko aliyelala naye miaka hamsini?

"Waache," mama akasema.

"Mama!"

"Waache, Avelina. Kitabu kile sitaki kukisikia. Baba yako alinyamaza miaka yote hii ili nyinyi msome, mpate kazi, muitwe watu. Wewe unashindwa kunyamaza siku moja?" Akajifuta pua kwa ncha ya khanga. "Wakianza tena kuja hapa na kuuliza maswali, mimi sina nguvu. Sina."

Avelina angeweza kubishana na kamati mpaka jioni. Si na mama. Aliona kabisa kwamba hofu ile haikuwa ya leo, ni ile ile ya lile gari, imekaa ndani ya mama yake muda wote huo na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba gari limeshaondoka. Alirudi nyuma ya nyumba, akapokea karatasi yake iliyochorwachorwa, na kitu pekee alichoambulia ni kwamba wamekubali aisome yeye. Tarsis alisema ingependeza zaidi akisoma binti.

Misa ilifanyika pale pale uani, chini ya turubai, kwa sababu kaburi lilikuwa limechimbwa juu kidogo ya nyumba, kwenye kipande cha shamba ambacho mzee alikichagua mwenyewe. Wazito wakaja, wakakalishwa kwenye viti vya vitambaa. Kwaya ikaimba nyimbo zake sita zote na ya saba ya kuongezea. Kisha mshereheshaji akamwita mtoto wa marehemu asome wasifu.

Avelina akasimama mbele ya kipaza sauti. Alisoma kama mtu anayesoma bili ya maji. Alizaliwa, alibatizwa, alisoma chuo cha ualimu, alianza kazi. Alipenda elimu. Hapo watu wakaitikia kwa vichwa, na mzito mmoja akamnong'oneza mwenzake kitu cha kumsifu marehemu, na Avelina akatamani kuichana karatasi ile vipande vipande. Hakuichana. Akaendelea. Alifundisha shule mbalimbali za Njombe hadi alipostaafu. Alifunga ndoa takatifu na Bi. Dafroza, na Mungu akawajalia watoto wawili.

"Watatu."

Sauti ilitoka mbele, kwenye mkeka wa wafiwa. Haikuwa kubwa. Avelina akatazama karatasi; palikuwa na neno "watatu" limekatwa, na juu yake mwandiko wa Tarsis. Wawili. Avelina mwenyewe ndiye aliyekuwa ameandika watatu! Ameisoma tu, mdomo umepita.

"Wawili walio hai, mama," Tarsis akasema haraka, akichuchumaa karibu naye. "Tulia. Dada, endelea."

Mama hakutulia. Alishika bega la jirani yake, akanyanyuka kwa shida, shuka likadondoka. Mwanamke wa Kibena mjane kusimama katikati ya ibada ya mumewe na kusema! Watu waliokuwa wamesimama huko nyuma wakasogea kuona.

"Nimezaa watatu na Romani," alisema. "Wa kwanza ni Emanuel. Nani kamkata?"

"Mama, alikuwa mchanga, tuliona tusiwachanganye watu..."

"Alikuwa ameanza kutambaa! Nimemzika kwa mikono hii, kwenye mchanga, kando ya ziwa, tumetoka kwenye baridi hii mbu wakamla, malaria ikamchukua. Uliponiuliza nilikuambia uache kitabu, Tarsis. Nilikuambia umkate na mwanangu?"

Tarsis alitazama viti vyenye vitambaa, akamtazama mama, jasho limemtoka na baridi yote ile. Akasahau kwamba kipaza sauti kilikuwa karibu.

"Mama, ningefanyaje? Nikimtaja Emanuel lazima niseme alifia ziwani. Nikitaja ziwa lazima niseme mlipelekwa kwa nini. Na nikisema kwa nini..."

Spika zilizofungwa juu ya mparachichi zikalitangaza neno hilo mpaka barabarani. Baba mdogo Lenard alikuwa anaangalia viatu vyake. Padri alikuwa ameinua uso, anasubiri, na katekista hakuthubutu kumwonyesha saa.

Mama akafikiri. Avelina alimwona akipima, hofu ile ya zamani upande mmoja na mtoto upande wa pili, akajua kwamba mama anajiuliza kitu ambacho kamati haikujiuliza hata kidogo: kunyamaza huku kunamgharimu nani.

"Basi taja vyote," mama akasema. Hakumwambia Tarsis. Alimtazama Avelina.

Na unajua nini kilimpata Avelina? Mtu aliyepigana asubuhi nzima kwa ajili ya aya moja, sasa amepewa ruhusa, kipaza sauti kipo, watu wote wanamsubiri. Aliona aibu. Alikuwa amekililia kitabu ambacho hajakisoma hata mstari, na kaka yake mwenyewe, Emanuel, amekatwa mbele ya macho yake, hakuona.

"Mwaka 1976," alisema, karatasi ameishusha, "baba yetu aliandika kitabu kinaitwa *Masika Bila Paa*. Kinahusu watu waliohamishwa mvua ikawakuta bila nyumba. Siwezi kuwaambia zaidi ya hapo. Sijakisoma. Vitabu vilichukuliwa vyote, na baba na mama wakapelekwa Ludewa, ziwani, na huko kaka yetu Emanuel akafa. Waliovichukua mara ya kwanza siwajui majina. Leo asubuhi tulivichukua tena, nyuma ya nyumba hii, na mimi nikakubali, nikaja kuwasomea." Akaikunja karatasi. "Watoto ni watatu."

Mzito mmoja akakunja miguu, akaikunjua. Hakuna aliyepiga makofi, na wala msibani hawapigi. Bibi mmoja upande wa wanawake akauliza kwa sauti, bila ubaya wowote, kwani kitabu chenyewe kilisemaje, hao watu walipata nyumba? Avelina akatikisa kichwa. Hakujua. Aliyejua alikuwa ndani ya sanduku.

Tarsis alimshika mama mkono amsaidie kukaa. Mama akautoa mkono wake, akaliokota shuka, akajifunga vizuri.

"Haya," akasema. "Sasa mzikeni."