Vigae vya Mtaa wa Priory

Bwana Tarrant wa halmashauri aligonga ukuta wa mbele wa nyumba ya Winifred Sallow kwa kifundo cha kidole, akasikia sauti ya uwazi, akacheka. Watu wa halmashauri huwa hawacheki bure.

"Haya si matofali, Bi Sallow. Ni vigae vimepachikwa. Nyumba ya bandia. Ingekuwa ya kale, sheria ingeilinda. Hii safu yote ya nyumba tunabomoa, tuweke maegesho ya magari."

Winifred alizaliwa humo, na mumewe alifia humo. Kuambiwa nyumba yake ni ya bandia kulimchoma kuliko hata habari ya kubomolewa.

Jirani yake Hester, mwanaakiolojia, alishamweleza mambo yalivyokuwa. Enzi za wafalme wa Uingereza akina George, tofali ndilo lililokuwa fahari ya mji. Wasio na uwezo wa kujenga upya walitundika vigae vyenye sura ya matofali juu ya nyumba zao kuukuu za mbao, kisha wakatembea barabarani vifua mbele. Ubandia wenyewe ulikuwa umepita miaka mia mbili.

"Fungua ukuta kidogo, uone kilicho nyuma," Hester, aliyesimama kando yao, alimwambia Tarrant.

"Sifungui chochote. Nimeshaona ninachotaka kuona."

"Ndiyo shida yako hiyo," Winifred akasema, akaingia ndani.

Alitoka na mtaimbo. Ukuta ule alikuwa akiuosha kila mwaka tangu usichana wake. Akachomeka ncha chini ya kigae, akakandamiza. Kikaanguka, kikapasuka. Vingine vikafuata. Nyuma ya vigae ikatokea nguzo ya mwaloni, nyeusi, nene kuliko kiuno chake. Majirani walikuwa wameshatoka milangoni na vikombe vyao vya chai.

Tarrant alibadilika rangi, kisha akapata la kusema. "Unajua kuharibu jengo la kale ni kosa? Nitakufikisha mahakamani."

"Nifikishe. Hakimu akikuuliza nimeharibu nini, jengo la kale au nyumba ya bandia, utamwambiaje?"

Tarrant akageuka kuelekea barabarani.

"Sema basi, bosi, tunakusikiliza," jirani mmoja akamchokoza.

Winifred hakungoja jibu. Akachomeka mtaimbo chini ya kigae kingine.