Vyungu vya Shemeji

Shemeji alifuta jina la mume wangu kwenye utafiti wetu kabla udongo wa kaburi haujakauka. Nilipomfuata ofisini hata macho hakuinua. "Shemeji, marehemu haombi kazi. Jina la nini?"

Na huyo ni kaka yake, tumbo moja, na ndiye mkuu wa maabara. Tangu hapo nikamchukia, sifichi.

Mimi na mume wangu ndio tuliokesha kwenye hadubini tukichunguza vigae vya wafinyanzi wa kale wa pwani. Walichanganya udongo na makombe ya chaza yaliyopondwa. Sasa kombe likiungua sana hugeuka chokaa, na chokaa hunywa unyevu wa hewa, huvimba, hupasua chungu. Vyao vilidumuje? Mume wangu alipata jibu akiwa tayari mgonjwa kitandani: walikandia maji ya bahari, chumvi ikazuia chokaa. Tulijaribu nyumbani, chungu kikadumu. Alilia kwa furaha, nami nikamcheka.

Shemeji akataka vyungu vipya kama vile, vya kuwaonyesha wafadhili. Nilimwambia mara moja tu, bila kueleza sababu, "Tukandie maji ya bahari."

"Maji ni maji. Mtaalamu hapa nani, wewe au mimi?"

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu ndiye mkuu mwenyewe, basi nikaliacha guu lake lijiamulie. Nikafungua bomba, nikakanda, na sijawahi kukanda udongo kwa raha kama siku ile.

Vilitoka tanurini vizuri, vyekundu. Mvua ikanyesha wiki nzima. Nililala usingizi mnono.

Siku ya wageni, Shemeji alikuwa ubaoni na suti yake, katikati ya "ugunduzi wangu", kipande cha kwanza cha chungu kiliporuka mezani. Kikafuata kingine. Mfadhili mmoja akainua chungu, kitako kikabaki mezani.

"Mbona vya kale havikupasuka?" akauliza.

Shemeji akanitafuta kwa macho, jasho linamtiririka. "Shemeji, tafadhali, waeleze."

Nikasimama. "Jibu alilipata mdogo wako. Liandike jina lake kwanza. Kalamu unayo mkononi."

"Shemeji, mbele za watu?"

"Hapo hapo."

Akageukia ubao, akaandika jina la mume wangu chini ya lake.

"Juu," nikasema.

Akafuta, akaandika upya. Nikangoja hadi herufi ya mwisho, ndipo nikawageukia wageni.

"Maji ya bahari."