Mwenye Boma wa Ng'ambo

Mume wangu Ekidor alishikwa na serikali ambayo si yetu, kwa sababu ya boma ambalo si lake, na kumtoa kulinishinda kwa sababu yeye mwenyewe hakutaka kutoka. Kama umeelewa hapo, wewe una akili kuliko watu wengi niliokutana nao kule Lodwar.

Nianze na Lokwang. Huyo ni mtu wa Karamoja, upande wa Uganda, na ni rafiki ya Ekidor wa kupeana ng'ombe. Watu wa mjini wanafikiri urafiki ni kupigiana simu. Kwetu mtu akikupa fahali, nawe ukampa wako, mkala nyama pamoja, basi boma lake limekuwa boma lako. Yeye akienda malishoni, wewe uliyebaki ndiye mwenye boma. Mgeni akija, unampokea. Mtoto akikohoa, unauliza ana nini. Ni wake zake tu ambao hawamo katika mapatano hayo, na hilo nimelichunguza mwenyewe.

Kiangazi hiki Ekidor alivuka mpaka kutoka kwetu Kenya kwenda kumsalimia rafiki yake. Akamkuta, wakakaa, kisha Lokwang akaondoka kufuata ng'ombe zake mbali kidogo. Ndipo askari wa kule walipokuja kukusanya bunduki. Amri yao ilikuwa hivi: kila mwenye boma atoe bunduki yake, na asiyetoa atakaa kambini mpaka akumbuke ameificha wapi. Wageni kutoka Kenya warudishwe mpakani, hawana kesi.

Wakaingia, wakauliza, "Mwenye boma ni nani?"

Na Ekidor wangu, amekaa juu ya ekicholong, kile kigoda chake kidogo cha mti, akajibu bila haraka, "Ni mimi."

Hakudanganya. Angejibu vingine angemwaibisha Lokwang mbele ya watoto wake. Lakini askari hawakuuliza habari ya mila, waliuliza habari ya bunduki. Wakamwandika, wakambeba. Na hata alipoelewa kosa lake akanyamaza tu, kwa sababu alijua akijitoa yeye, watamtafuta Lokwang. Sasa mzee amefungwa mpaka atoe bunduki, na bunduki hana! Ataitoa wapi, kwenye sikio?

Habari ililetwa kwangu Kakuma na mama mmoja anayeuza tumbaku huku na huku mpakani. Nikafunga shuka, nikapanda gari mpaka Lodwar, kwa kijana anaitwa Opondo. Huyo ni mtu wa ziwa la kule chini, la Kisumu, lakini serikali imemleta huku kwetu ashughulikie mambo ya mpaka. Ni mpole, ana miwani, na salamu yetu ameijua.

"Ejok, nyanya," akasema.

"Ejok. Nataka mume wangu."

Nikamweleza yote. Akasikiliza vizuri, akavua miwani, akaifuta. Mtu wa ofisi akifuta miwani jua hupati kitu.

"Nyanya, hili jambo ni nyeti. Kuna sheria ya kimataifa. Nchi moja hairuhusiwi kuingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine."

"Mimi sijasema muingie. Nimesema mumtoe."

"Kumtoa ndiyo kuingilia kwenyewe."

"Na ile siku magari ya jeshi kutoka ng'ambo yalifika mpaka kisima cha dada yangu, yakifuata ng'ombe walioibwa? Mbuzi walishtuka wakatupa mimba. Hiyo haikuwa kuingia?"

"Hiyo ilikuwa ushirikiano, nyanya. Serikali yetu ilikubali waje. Ukialikwa, hujaingilia."

"Aliyewaalika alikuwa na mbuzi?"

Akakohoa. Nikamwacha akohoe, kwani mimi nina haraka gani?

"Sikiliza," akasema. "Kama mzee angekuwa raia wetu tu mbele yao, ningekuwa na njia. Kila nchi ina haki ya kuulizia mtu wake akishikwa ugenini. Ubalozi unaandika, mtu anaonwa, analetwa. Lakini jina lake lilishanifikia, na nimeshawauliza wale wa ng'ambo. Wamenijibu huyo ni mtu wao, amesema kwa mdomo wake ana boma kule. Sasa mtu wao, akiwa kwao, kwa sheria yao... mimi nikifungua mdomo ninavunja sheria."

"Huyo mtu nimekaa naye tangu nina meno yote! Basi mimi namwulizia."

"Wewe si nchi, nyanya."

"Mshukuru Mungu."

Nikarudi Kakuma nikiwa na hasira mpaka kondakta akaogopa kuniambia nisogee. Kesho yake nikapeleka kuni kwa Immaculée, Mkongo anayekaanga maandazi pale kambi ya wakimbizi. Tumezoeana. Yeye hunicheka ninavyotafuna upande mmoja, mimi humcheka anavyoliogopa jua letu kama linatoza kodi.

"Mama Nakwawi, sura yako leo ni mubaya sana," akasema. "Nani alikufa?"

"Hakuna aliyekufa. Ningekuwa mjane ingekuwa rahisi, watu wangeniletea sukari."

Nikamweleza. Lilipofika sikioni mwake lile neno la kutoingilia, akaacha mwiko ndani ya mafuta.

"Ati nini? Kwetu Kongo majirani banaingia na vifaru, mama, na kisha banasema balialikwa. Banani balibaalika? Hatubajue! Lakini weye unaomba muntu mumoja muzee, banakuambia sheria."

"Wanasema ni mtu wao."

"Ni muntu wao?" Akacheka, tumbo likatikisika. "Basi bamechukua mali mingi. Hapa kambini bakiandika bwana, familia yote inafuata. Bibi, batoto, mama-mukwe na kikohozi yake. Miye niliandikwa hivyo hivyo. Enda ubaulize: kama bwana ni wenu, miye nilale wapi?"

Andazi lilikuwa mdomoni mwangu. Sikulitafuna tena mpaka likalainika lenyewe.

Opondo alikuwa ameniambia kwamba karibu na Namoruputh, pale mpakani, kutakuwa na mkutano wa amani, serikali mbili zikae pamoja na wazee wa pande zote, na waliofungwa wataletwa waonekane. Nikampigia simu, nikaomba niende. Akakubali, lakini kwa sharti: nikae kama mtazamaji, nisifungue mdomo. Nikaahidi. Nilikuwa na tumbaku shavuni, kwa hiyo wakati ule mdomo ulikuwa umefungwa kweli.

Dada yangu ameolewa Namoruputh. Nilitangulia kwake, nikaazima punda zake zote, na wakwe zake, na watoto wa wakwe zake. Tukapakia ngozi, vibuyu, sufuria, kuku wawili, na fito za kujengea. Ukituona ungesema tumefukuzwa na njaa. Nusu ya wale wajukuu wangu wa kuazima sikujua majina yao.

Mkutano ulikuwa chini ya mahema mawili, moja huku, moja kule, na katikati ndiyo mpaka. Mimi sikuuona huo mpaka, niliona mchanga na mavi ya mbuzi, lakini wakubwa walikuwa wanauzunguka kwa heshima kama shimo. Ekidor alikuwa ameketi chini na wafungwa wengine upande wa kule. Amekonda. Aliponiona hakufurahi hata kidogo. Aliangalia punda, akaniangalia mimi, akafumba macho kama mtu anayesikia radi.

Mkubwa wa askari wa ng'ambo, afande mnene mwenye Kiswahili kizuri, alikuwa bado anasoma hotuba ya ujirani mwema nilipompita Opondo na hema lake.

"Ejok, afande. Tumefika."

"Karibu, mama. Mmefika wapi?"

"Kwenu. Tumehamia. Mwenye boma ni huyu hapa, mume wangu. Mmesema ni mtu wenu, asante sana, nimekubali. Hawa ni watoto wake, hawa wajukuu, yule anayelia ana homa, daktari wenu ni yupi? Tuonyeshe pa kufunga hizi punda. Huyu mweusi mwangalie, anang'ata."

"Nyanya!" Opondo alikuja mbio mpaka miwani ikateleza. "Nyanya, uliniahidi!"

"Nyamaza, kijana. Haya ni mambo ya ndani ya nchi yangu mpya. Usiingilie."

Wazee wa pande zote mbili walicheka wakashikana mabega. Afande mwenyewe alicheka sana, kisha punda wa kwanza akampita, wa pili akampita, kuku akaruka juu ya meza yenye hotuba, na kicheko chake kikapungua.

"Mzee," akamwuliza Ekidor, "huyu ni mke wako?"

Ekidor akafikiri. Alifikiri! Mbele ya watu!

"Ni mke wangu," akasema mwisho.

"Wa wapi?"

"Wa Kakuma."

"Basi na wewe ni wa Kakuma. Sema tu, mzee wangu, nikuvushe sasa hivi pamoja na hawa wote. Mbona unajisumbua?"

Nilifikiri tumeshinda. Nilishaanza kumpa mkwe mmoja ishara ageuze punda. Lakini Ekidor ni mtu ambaye ukimsukuma mlangoni anaketi. Akanyoosha mgongo, akasema kwa sauti, "Mimi ni mwenye boma la Lokwang."

Afande akamsukuma kuku, akashika kalamu.

"Boma la nani?" afande akauliza, sasa hacheki kabisa. "Lokwang ni nani?"

Ekidor akafunga mdomo, lakini jina limeshatoka. Mwezi mzima alilificha, na mimi na punda zangu ndio tuliomtekenya mpaka likaanguka. Aliniangalia mara moja tu. Tumekaa pamoja miaka mingi, ameniangalia kwa hasira, kwa njaa, hata kwa mapenzi siku zile za mvua, lakini hivyo hajawahi.

Nyuma ya wazee wa Karamoja akainuka mtu mrefu, jicho moja lina ukungu. Mimi sikujua kama yuko pale. Alikuwa amekuja kumtazama rafiki yake kwa mbali, bila kujitaja, maana ndivyo Ekidor alivyomtumia habari afanye.

"Lokwang ni mimi," akasema. "Boma ni langu. Huyu ni mgeni wangu, alinilindia watoto."

"Lokwang, kaa chini," Ekidor akamwambia kwa lugha yetu.

"Umekaa wewe vya kutosha."

Akamwendea, akamwinua kwa mkono. Kwetu mgeni haondoki mpaka mwenyeji ampe njia, na Lokwang akampa: akatema mate mepesi kifuani mwake, mate ya baraka, akasema, "Nenda kwako, ndugu yangu, mifugo yako ikutambue." Kisha akaketi pale pale kwenye mchanga ambapo Ekidor alikuwa ameketi, akapakata mikono. Afande akaandika. Alipoandika hakumwangalia mtu yeyote.

Ndivyo nilivyompata mume wangu. Opondo alifurahi kupita kiasi. Alimpa kila mtu mkono, hata mkwe wa dada yangu.

"Umeona, nyanya? Sheria imefanya kazi. Mgeni amerudishwa kwao, raia amebaki kwao. Hakuna aliyeingilia mtu. Twende, gari lipo, nitawafikisha Lodwar."

Ekidor hakuingia garini. Alichukua kigoda chake cha nyumbani, kile nilichokuwa nimekipakia kwenye punda, akarudi mpaka pale mahema yalipokuwa yanang'olewa, akaketi akitazama kule walikopelekwa wafungwa, kambi inayoonekana ng'ambo.

"Mzee, panda gari," nikamwambia.

"Siendi."

"Utakaa hapa mpaka lini?"

"Mpaka mwenye boma arudi bomani kwake."

Opondo akachuchumaa mbele yake, akamweleza polepole kama anavyoelezwa mtoto mgonjwa. "Mzee, Lokwang ni mtu wao. Pale hata rais hawezi kusema kitu. Ni mambo yao ya ndani."

"Mimi nimeenda kwao?"

"Hapana, lakini..."

"Nimekaa nchi gani?"

Opondo akaangalia chini, akaangalia ule mpaka wao wa mavi ya mbuzi. "Kenya," akakubali.

"Basi niache nikae."

Nikamtukana, sitaficha. Nikamwambia nimezunguka ofisi, nimeazima punda, nimeaibika mbele ya serikali mbili, yote hayo nimpate, na sasa nimempata anakataa kupatikana. Akasema, "Ungekaa nyumbani, Lokwang angekuwa kwake."

Kwa hiyo niko hapa Namoruputh, kwa dada yangu, ambaye amechoka nami na anadai punda mmoja amerudi na kidonda. Kila asubuhi Ekidor anabeba kigoda chake mpaka mpakani. Hapigi kelele, hana silaha wala bango. Anatazama tu. Mchana ninampelekea chai, anakunywa, hanisemeshi, ananirudishia kikombe.

Juzi Opondo alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hajalala. Wakubwa wa ng'ambo wamelalamika kwamba kuna mzee upande wetu anaitazama kambi yao siku nzima, askari hawana raha, na je, huko si kuingilia?

"Kuna sheria inayokataza kutazama?" nikamwuliza.

"Nitasoma, nyanya."

"Soma haraka."

Nilimwambia hivyo kwa sababu asubuhi ile wazee wengine wawili walikuwa wamefika na vigoda vyao, wakaketi kando ya Ekidor bila kuulizana kitu. Kila mmoja ana rafiki yake kule ndani. Leo ameongezeka mwingine kutoka Nakalale, na huyo anapenda chai yenye sukari nyingi. Mimi nilikuja kuchukua mzee mmoja tu. Mbuzi wangu wako Kakuma, sijui nani anawakamua, na sufuria ya dada yangu ni ndogo.