Nani Anamlimisha Mayala

Mayala alikuwa na hakika kwamba kuna mtu anamlimisha. Si shamba lake, maana hilo liko Zagayu na msimu wa kulima ulishapita. Alikuwa analimishwa shamba la mtu, akiwa usingizini, bila ujira na bila hata ahsante. Usukumani jambo hili halihitaji maelezo marefu. Mtu akilala mzima akaamka mabega yanauma na mwili mzito kuliko alivyoulaza, basi kuna mchawi aliyemchukua akamtumikisha.

Sababu nyingine ilikuwepo, tena peupe, ila ya peupe nani huitafuta? Kiwanda cha kuchambua pamba alichofanyia kazi, pale Bariadi, kilipokea pamba nyingi mwaka ule, na mwenye kiwanda akaona zamu tatu ni anasa. Zikawa mbili. Mayala akawa anaingia jioni, anatoka jua limeshapanda, kisha anakwenda kulala chini ya bati la moto huku bodaboda zikipiga honi dirishani. Baada ya wiki kadhaa mwili ukagoma, naye akaanza kutafuta mchawi.

Hakwenda mbali. Kikulacho ki nguoni mwako, na wa nguoni alikuwa Mhoja, mwenzake wa mashine moja. Mhoja alikuwa na bustani ya nyanya kando ya mto, nayo ilistawi kwa kiburi kiangazi kile kile, wakati mwenyewe anakesha kiwandani sawasawa na Mayala. Sasa nani anaimwagilia? Mayala alijiuliza hivyo huku akijikanda kiuno, na jibu alilopata likamtisha.

"Baba Shija, umechoka na kazi," mkewe, Esteria, alimwambia. "Hebu lala."

"Nikilala ndiyo ananichukua."

Basi akaacha kulala. Asubuhi moja alipotoka zamu alijificha kwenye matete ng'ambo ya mto. Akamwona Mhoja anakuja na ndoo mbili, anateka maji kwenye kisima cha mchangani, anamwagilia tuta kwa tuta, halafu anajitupa kivulini na kukoroma. Mtu mwingine angejicheka akarudi nyumbani. Mayala alisema moyoni: amejua nipo, ndiyo maana leo amekuja mwenyewe. Akarudi kesho yake, na kesho kutwa, saa zile zile ambazo alipaswa kuwa kitandani.

Kiwandani hofu ikageuka vitendo. Mashine yao ilikuwa na misumeno ya mviringo inayonyofoa nyuzi kutoka kwenye mbegu, na pamba ikiikaba, lazima izimwe na mtu aingize mkono kuzibua. Kwa hiyo kulikuwa na sheria moja ambayo hata walevi waliiheshimu: anayeingiza mkono ndiye anayekaa na ufunguo wa swichi, mfukoni mwake mwenyewe. Mayala akaanza kuwaza kwamba ufunguo ukipita kwa Mhoja utarudi kwake umepakwa dawa. Akaufunga kwa kamba kwenye kifundo cha mkono, na kila walipoingia zamu akagoma kuufungua, hata pale zamu ya kuzibua ilipokuwa ya Mhoja.

Kasmiri, msimamizi wao, aliliona jambo hilo, akapiga miayo, akasema wakubaliane wenyewe. Yeye naye alikuwa na usingizi wake wa kuutafuta.

"Haya, ngosha," Mhoja alisema, kama wanaume wa Kisukuma wanavyoitana, "kaa nao. Sisi ni ndugu. Utaniua?"

Esteria aliposimuliwa hakufurahi hata kidogo. "Mchawi mpe mwana akulelee," alisema. "Kama kweli unamwogopa, huo ufunguo mwachie yeye autunze. Rudisha sheria ya watu, baba Shija." Mayala alimjibu kwamba wanawake hawajui mambo ya mashine.

Alfajiri moja, zamu ikikaribia kwisha, mashine ikakabwa. Mayala akaizima kwa ufunguo wa kifundoni mwake, akauchomoa. Mhoja akakunja mkono wa shati, akauingiza kwenye misumeno na kuanza kuvuta pamba. Mayala akasimama penye swichi, macho yake kwenye midomo ya Mhoja, aone kama atanuia neno lolote. Alimkazia macho hivyo mpaka macho yenyewe yakafumba. Akaota mashine imeshazibuka na Kasmiri anafoka kwamba marobota yanachelewa. Mkono wake, uliokwisha kuizoea kazi ile, haukungoja aamke. Ukaingiza ufunguo, ukazungusha.

Kilichomwamsha ni sauti ya Mhoja. Mayala aliizima mashine haraka kuliko alivyowahi kufanya jambo lolote maishani, lakini vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikuwa vimeshakwenda.

Kabla jua halijawa kali, mjini walishaanza kunong'ona kwamba Mayala alirogwa. Mwenye kiwanda hakuyapinga maneno hayo, na kwa nini ayapinge? Mchawi hadai zamu ya tatu irudishwe. Mayala angeweza kujifunika hilo blanketi akalala salama, lakini lilimwasha. Alikwenda hospitalini akasimama mlangoni mwa wodi alikolazwa Mhoja.

"Mwangaluka," alimwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Ingia, ngosha."

Akakaa ukingoni mwa kitanda. Mhoja ndiye aliyeanza: "Niambie kitu kimoja tu. Ule ufunguo ulikuwa unaung'ang'ania nini?"

Uongo ulikuwepo, mwingi, ila Mayala hakuuona wa kumwambia mtu mwenye bandeji ile. "Nilikuwa naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Nikasema ni wewe unanilimisha bustani yako."

Nesi alipita, akatazama dripu, akaenda zake.

"Hata mimi naamka hivyo hivyo, tangu zamu ziwe mbili," Mhoja alisema hatimaye. "Sikuwahi kuwaza kwamba ni wewe."