Alphée wa Nani

Alphée alirudi kwao Akadia, Kanada, kutoka Ufaransa na picha ya ngome. Tangu astaafu hakuwa na kazi nyingine ila kumsaka mtukufu aliyeanzisha ukoo wao, na sasa alikuwa amempata bwana wa ngome hiyo, mwenye jina la ukoo kama lake.

Akampelekea picha shangazi yake, Exelda. Zamani, wakikuna viazi vya pai, shangazi alipenda kumtajia wazee wao mmoja mmoja, hadi wale waliofukuzwa na Waingereza wakarudi kwa miguu. Alphée alikuwa akimkatiza.

"Shangazi nawe! Hao wachimba matope wa nini? Mimi namtafuta bwana."

"Haya, mtafute. Ukimpata, mlete akune viazi."

Leo shangazi aliitazama picha, kisha akamtazama yeye kama mgeni.

"Wewe wa nani, baba?"

Kwao swali hilo hujibiwa kwa kutaja baba, babu na kuendelea, mpaka muulizaji aseme amekujua.

"Alphée wa Dosithée, wa Maximin, wa..." Akakwama. Kati ya Maximin na bwana wa ngome hakumjua hata mmoja.

"Wa nani?" shangazi akangoja.

Alphée akainama.

Shangazi akamwonea huruma, akampapasa mkono. "Usijali. Mtoto wa kaka yangu yuko Ufaransa, anamtafuta bwana. Akirudi muulize yeye, wazee wote nilishamtajia."