Nyumba Iliyokuya Tribunali

Anastasie alifika kwenye mulango wa gereza na sahani ya bugali na sombe, majani ya muhogo, iliyofungwa ndani ya kitambaa, sawa wanawake wengine wote, kwani Bunia mufungwa anakula kile jamaa yake inaleta. Mulinzi alifungua kitambaa, akatia kijiko ndani ya sombe kuangalia kama kuna kitu kimefichwa, kisha akalamba kijiko.

"Leo umetia mawese," akasema.

"Jana nilikuona umekunja uso."

"Pita, mama."

Destin, bwana yake, alikula akiwa amesimama, kwa sababu pa kukaa palijaa watu. Walimukamata kwa sababu ya plake ya sola iliyopotea kwenye paa la baa moja ya mutaa wa Shari. Alikuwa ameonekana akipita karibu na ile baa, na ni kweli alipita, ile ndiyo njia ya kwenda kwake. Kesi yenyewe haikumusumbua sana. Watu wa baa watasema yao, yeye atasema yake. Kilichomusumbua ni Jumamosi.

Jumamosi wakwe wangeleta mali ya ndoa ya Ketsia, binti yao wa kwanza. Katika jamaa ya Destin, baba anapokea mali akiwa ndani ya nyumba yake mwenyewe, na binti anatoka kwa mulango wa baba yake. Mjomba hapokei. Chumba cha kupanga hakifai. Bila vile, Ketsia angekwenda kwa bwana sawa mutu aliyeokotwa njiani, na kila ugomvi ukitokea wangemukumbusha.

"Uwaombe ningojee kesi inje," Destin akasema. "Waambie nitapokea mali kwetu Djugu, kisha nitarudi."

"Naenda kwa Mama Juge sasa hivi. Maliza sombe, mulinzi alishakula ya kwake."

Mama Juge, hakimu wa tribunali, aliitwa Françoise. Alikuwa mama munene wa kucheka, mwenye kupenda chai ya tangawizi na kuigawa kwa yeyote aliyeingia. Juu ya meza yake kulikuwa ile mashini waliyotumiwa na wakubwa, yenye akili ya kutengenezwa. Kasereka, karani, aliipangusa kila asubuhi na kuifunika kitambaa cha kufuma, sawa vile watu wanafunika redio ya sebuleni. Kazi ya mashini ilikuwa moja. Unaielezea maisha ya mutu, nayo inasema kama akifunguliwa atarudi siku ya kesi, ao atapotea. Taa ya kijani, anakwenda nyumbani. Taa nyekundu, anabaki.

Kasereka aliielezea maisha ya Destin. Mashini ilikuwa na sauti nzuri, sawa ya mama wa kwaya.

"Milima ya Djugu," ikasema. "Kambi ya wakimbizi. Mutaa wa Lumumba. Shari. Huyu mutu anahama. Mutu wa kuhama hapatikani."

Taa nyekundu ikawaka.

"Lakini tulihama juu ya masasi," Anastasie akasema. "Walipiga masasi, tukatoka. Tungebaki tufanye nini?"

Kasereka akaiambia mashini habari ya masasi.

"Sababu haihesabiwi," ikajibu kwa upole. "Kuhama ndiyo kunahesabiwa."

Anastasie akageukia Mama Juge. "Na weye mwenyewe, Mama Juge, unamuona namna gani?"

"Miye? Namuona atarudi. Yule ni mutu wa kurudi kwa bibi yake."

"Basi saini."

"Mama, nikisaini na arudi, hakuna atakayeniambia aksanti. Nikisaini na apotee, wataniuliza, mashini ilikukataza, weye ulikuwa nani? Zamani nilikuwa nakosea peke yangu. Sasa tunakosea wawili, na mwenzangu haitwi kujieleza." Akacheka, akamumiminia chai. "Kunywa. Inasaidia kifua."

"Angekuwa na makao ya kudumu, tungeiuliza tena," Kasereka akasema.

"Destin iko nayo! Nyumba yetu iko Djugu. Tulifyatua matofali siye wenyewe. Ni siye tu hatuko ndani."

"Mashini haiwezi kuiona kutoka hapa."

"Basi nitaiita."

"Ifike mbele ya Ijumaa mchana," Kasereka akasema. "Ijumaa tunafunga mapema."

Anastasie alikwenda sokoni kutafuta wanawake wa kwao, wale wanaorudi kule kuchimba muhogo kukiwa kimya kidogo. Aliwapa habari sawa mutu anavyotuma salamu.

"Mukipita kwetu, muiambie nyumba kwamba baba yake anaulizwa makao. Ikuye tribunali."

"Itasikia?"

"Ile ni nyumba ya kusikia. Ni mulango tu ulikuwa na kichwa nguvu."

Siku ya Alhamisi, saa watu wanafungua maduka, nyumba iliingia Bunia kwa njia ya kaskazini. Ilikuwa ya matofali ya udongo, vyumba vitatu, na paa la mabati yaliyotobolewa na masasi. Ilitembea polepole, sawa mama mwenye mimba. Wauza ndizi walivuta mabeseni yao ipite. Mwenye pikipiki mumoja akapiga honi, akapayuka, "Ee nyumba, kaa upande, na siye tunatafuta maisha!" Nyumba ikakaa upande. Polisi wa barabara aliisimamisha, akaizunguka akitafuta magurudumu, hakuyaona, akasema kitu bila magurudumu si kazi yake.

Kwenye kiwanja cha tribunali ilijishusha karibu na bendera, ikatulia. Anastasie aliipigapiga ukutani na kiganja.

"Umekonda," akaiambia.

Akaacha viatu inje, akaingia, akaanza kufagia.

Ijumaa, Mama Juge alihamisha baraza humo ndani, kwa sababu kulikuwa baridi nzuri. Kasereka alileta mashini, akaitia dirishani ili ione vizuri. Destin aliletwa na polisi wawili. Alishika muimo wa mulango, kisha akawaambia polisi wakaribie, wasisimame inje sawa wageni.

"Nyumba ni ya Destin," mashini ikasema kisha kuangalia. "Matofali ni ya mikono yake. Hiyo ni kweli."

"Unaona!" Anastasie akapiga makofi.

"Nyumba ilikuwa Djugu. Sasa iko Bunia. Nyumba pia inahama."

Taa nyekundu ikawaka, mara hii ikawaka mara mbili.

"Mara mbili ni nini?" Mama Juge akauliza.

"Moja ya mutu, moja ya nyumba," Kasereka akasema. "Inasema wote wawili wanaweza kupotea."

Mama Juge alikunywa chai yake yote kwanza. Alimuangalia Destin, akaangalia kalamu yake, akaangalia mashini dirishani. Kisha akasaini kwamba Destin abaki, na nyumba ifungwe naye, pahali pamoja, juu ya usalama wa kesi.

"Samahani, baba," akasema. "Ndiyo yote niliyoweza kuipenyeza."

Nyumba haikufanya ugomvi. Ilifuata polisi mpaka gerezani, ikainua misingi yake na kuvuka ukuta, sawa vile mama anainua kitenge kuvuka mutoni. Ilipata nafasi katikati ya kiwanja. Wafungwa waliisaidia kukaa sawasawa, wakiweka mawe kwenye kona iliyolegea.

Jumamosi, muzee Katsuva, baba wa muoaji, alifika kutoka Mambasa na mbuzi, na jamaa nzima ikiimba.

"Miye nilioza watoto wengi," akamuambia mulinzi, "lakini mbuzi wangu hawajawahi kuingia gereza mbele yangu."

"Muzee, usiwafunge karibu na yule karani wa tribunali," mufungwa mumoja akapayuka. "Ataleta mashini iwaulize makao!"

Watu wakacheka mpaka mbuzi wakaogopa. Destin alipokea mali akiwa amekaa kwenye kiti chake, ndani ya nyumba yake, na suruali iliyopigwa pasi. Hakuna aliyeweza kusema desturi ilikosewa. Mama Juge alikuya na gauni ya kijani, akacheza kuliko vijana. Wafungwa walipiga ngoma juu ya ndoo. Saa ya jioni Ketsia alitoka kwa mulango wa baba yake, vigelegele vikapigwa pande zote za ukuta. Destin alimushika mukono mpaka kwenye lango. Pale akamupa mume wake, akarudi.

Wafungwa wengine wa Djugu nao wakaanza kutuma habari kwao. Nyumba zilifika moja moja, zingine bila paa, moja ikiwa ukuta tu na jiko. Polisi wa barabara alizoea. Mashini ilizipima zote, taa nyekundu, nazo zikapanga mustari kwenye kiwanja, na njia katikati ya kupita.

Mvua za kwanza ziliponyesha, kesi ikiwa bado haijapangiwa siku, Kasereka aliiuliza mashini tena juu ya Destin.

"Iko na makao ya kudumu," ikasema. "Hahami. Anapatikana kila saa."

Taa ya kijani ikawaka. Anastasie akasimama wima.

"Makao gani hayo?" Mama Juge akauliza.

"Gerezani."

"Na akitoka?"

"Akitoka, amehama."

Taa nyekundu. Mama Juge alicheka mpaka akapangusa macho, na Anastasie akacheka naye, kisha wote wawili wakaangalia pembeni. Kalamu ilikuwa pale juu ya meza. Ikabaki pale.

Destin alipopewa habari, alikuwa juu ya paa akiziba matundu ya masasi. Akasema sawa, lakini wamupe lami ingine kidogo, upande wa chumba cha kulala bado unavuja.

Kisha mavuno, Ketsia alikuya na bwana yake kutembelea wazazi, tumbo likiwa limeanza kuonekana. Alipiga hodi kwenye lango kubwa la chuma.

"Baba iko nyumbani?" akauliza, sawa mutoto aliyelelewa vizuri.

"Iko, mama," mulinzi akamujibu, akifungua. "Siku zote iko."